MAMA WA TABORA, KIDONGE CHA PRESHA NA HELA YA REJESHO

Haya wadau, kila wiki mtandaoni hakosekani staa mmoja wa Bongo mwenye mtoto mchanga anayejirekodi jimu saa tatu asubuhi, dada wa kazi kashika mtoto pembeni, juisi ya kijani mkononi, anawaambia akina mama wajipende. Hakuna ubaya, kujipenda ni kuzuri. Ila kuna akina mama wanaoitazama ile video saa tano usiku, mikono iko kwenye beseni la nguo, simu imeegemezwa kwenye ndoo na bando linakaribia kukata. Stori ya leo ni ya mmoja wao. Yuko Tabora mjini, mitaa ya Isevya, miaka 38, watoto wanne, na jina lake libaki hukohuko kwake.

Kazi yake ni mitumba. Nguo za watoto, anatandika turubai chini, anapanga mafungu, anaita wateja mpaka koo linakauka. Baba watoto yuko kibarua kwenye reli ya kisasa, kipande kile cha Makutupora kuja Tabora, anarudi nyumbani mara moja kwa mwezi na hela anatuma kwa simu. Sio mwanaume mbaya. Anatuma. Lakini anayetuma hela hajui kilo ya unga imepanda lini, anajua tu kwamba alituma.

Ratiba ya mama huyu ni hii. Anaamka saa kumi na nusu alfajiri, uji, maji ya kuoga, mmoja anamtafutia soksi, mwingine kaficha kwamba daftari limeisha mpaka dakika ya mwisho (watoto wote duniani wana hii tabia, sijui huwa wanakaa kikao). Saa moja yuko sokoni. Chai yake ni ya rangi na andazi moja la mia mbili, tena saa nne. Mchana anapisha njaa kwa karanga. Jioni anarudi, ugali na mchuzi, anawapakulia wote, yeye anakula ukoko na mchuzi uliobaki chini ya sufuria. Kulala saa sita usiku. Hesabu mwenyewe, hapo ni saa nne na nusu za usingizi, kila siku, mwaka mzima, na bado kuna mtu atamwambia amenenepa kwa kukaa tu.

Presha aligundua kwa bahati. Kulikuwa na upimaji wa bure, akaenda kwa sababu foleni ilikuwa fupi. Mashine ikasoma 168 kwa 104. Akapimwa tena, ikabaki hukohuko juu. Yule muuguzi akamuuliza, "Dada, kichwa hakikuumi?" Akasema hapana, labda uchovu tu. Na hapo ndipo presha inapowapata watu wengi, haina kelele. Ikianzia 140 kwa 90, ikapimwa zaidi ya mara moja na zaidi ya siku moja, daktari anaanza kuongea na wewe kwa umakini, hata kama wewe unajisikia mzima wa kucheza kigodoro. Alirudishwa mara mbili kupimwa, akaandikiwa vidonge vya aina mbili, kila siku, na vyote pamoja kwa mwezi vikawa vinamgharimu shilingi 9,000. Akaambiwa neno moja la muhimu, kwamba hii dawa haiponyeshi ukaiaga, inashikilia. Siku ukiiacha, inaachia.

Miezi mitano akameza vizuri. Ikaingia Januari 2024.

Januari haihitaji maelezo kwa mzazi yeyote wa Tanzania. Ada shule za serikali haipo tangu 2016, ni kweli na ni jambo kubwa, lakini sare ipo, viatu vipo, daftari zipo, na mtoto wa kwanza ndio alikuwa anaingia kidato cha kwanza. Halafu mwezi huohuo sukari ikaadimika nchi nzima, bei ikapaa mpaka serikali ikaingilia kati kutangaza bei elekezi, na kule dukani kwa mangi bei elekezi ilikuwa inasikika kwenye redio tu. Baba watoto akatuma hela pungufu mwezi ule, na mtaji ulishakufa kwenye sikukuu.

Akachukua mkopo. Sio benki, sio vikoba vyao vya mtaani ambavyo yeye alikuwa ameshakopa zamu yake. Ni ile mikopo inayoitwa kausha damu. Ukiangalia vizuri hilo jina wala sio utani, ni maelezo ya kitaalamu. Shilingi 300,000, rejesho 30,000 kila Jumatatu kwa wiki 13. Piga hesabu taratibu. Anarudisha 390,000. Yaani riba peke yake ni 90,000, na 90,000 ni vidonge vyake vya miezi kumi. Lakini nani anapiga hesabu hiyo wakati mtoto amerudishwa nyumbani kwa kukosa viatu?

Jumatatu ya kwanza akalipa. Ya pili akalipa. Ya tatu ikawa ngumu, biashara ya mitumba ikikutana na mvua inalala. Kwenye kuangalia wapi pa kukata, macho yakapita kwenye unga, hapana. Mkaa, hapana. Hela ya daladala ya mtoto, hapana. Yakatua kwenye vidonge. Mbona anajisikia mzima? Akajiambia ni mwezi mmoja tu, rejesho likiisha anarudi kumeza. Mwezi ukawa miwili. Jumla aliyookoa: shilingi 18,000.

Hapa inafaa kusimama kidogo, maana hiki ndicho kitu ambacho wanaotoa ushauri wa bajeti hawakigusi kabisa. Wanasema punguza matumizi yasiyo ya lazima, andika kila kitu, weka akiba asilimia kadhaa. Sawa. Lakini kwenye nyumba nyingi kitu cha kwanza kupunguzwa sio bando wala soda, ni mama mwenyewe. Mnofu wake ndio unakwenda kwa mtoto, na usingizi wake ndio unaofua nguo. Vidonge vyake vinageuka viatu. Na hakuna daftari linaloandika hilo kama gharama, linaonekana kama akiba. Siku akianguka ndio inaonekana lilikuwa deni, tena lenye riba kuliko la Jumatatu.

Alianguka mwishoni mwa Machi. Alikuwa anainama kufungua mafungu, kichwa kikagonga kama mtu anapiga bati kwa ndani, macho yakaingia ukungu, akakaa chini, akashindwa kuinuka. Wenzake wa sokoni ndio walimbeba kwenye bajaji. Mashine ikasoma 212 kwa 126. Wadau, namba hiyo ni ya kumpata mtu kiharusi, na daktari alimwambia wazi kwamba kachomoka kwenye tundu la sindano. Hakupooza, Mungu mkubwa. Ila alikaa nje ya biashara siku 19. Yeye siku ya kawaida anapata faida kama 8,000, kwa hiyo hapo 152,000 zilipotea kimyakimya. Bajaji, vipimo, dripu na dawa vikala 64,000 nyingine. Aliokoa 18,000, akapoteza 216,000. Mara kumi na mbili. Na yule wa rejesho Jumatatu alikuja kama kawaida, akakuta mgonjwa kitandani, akauliza televisheni ni ya inchi ngapi.

Sasa jirani yake mmoja, bibi wa Kinyamwezi wa zamani hasa, mtu wa tumbaku ya kunusa na maneno makali, akaja kumjulia hali. "Mwangaluka, mayu." Akaitikiwa. Akakaa, akaangalia sahani ya ugali aliyopelekewa mgonjwa, akaona mgonjwa anammegea mtoto. Akamwambia, "We mwanangu, babu yake babu yangu alikwenda Pwani na meno ya tembo begani. Hakuinua mzigo kabla hajapewa posho. We nani kakwambia ubebe bure?"

Bibi hakuwa anatia chumvi. Huu mji wa Tabora umejengwa na wabeba mizigo. Kabla ya reli ya Wajerumani kufika mwaka 1912, kila kitu kutoka Bagamoyo kuja hapa na kuendelea mpaka Ujiji kilipita kwenye mabega ya watu, na Wanyamwezi ndio waliosifika kuliko wote. Mzigo ulikuwa unapimwa, kama frasila mbili hivi, kilo thelathini na kitu. Furushi la nguo liliitwa mtumba. Ndio, mtumba huohuo, neno limetoka kwenye bega la mpagazi mpaka kwenye turubai la mama wa Isevya, na kazi ni ileile. Na chakula cha mpagazi kilikuwa na kipimo chake: kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku, kama robo tatu ya kilo, au wapewe kitambaa na shanga wakajinunulie wenyewe njiani. Hiyo ndiyo posho. Watu wanaimba haba na haba hujaza kibaba bila kujua kwamba kibaba kilikuwa ni tumbo la mtu aliyetembea tangu alfajiri.

Posho ikikosekana, wapagazi walikuwa wanaweka mizigo chini. Au wanatoroka usiku, mwenye msafara anaamka anakuta mitumba imekaa peke yake. Tajiri alikuwa anaelewa vizuri sana kwamba nguo haijitembezi, na hesabu ya safari inaanza na chakula cha anayebeba, faida inakuja baadaye. Hata wake zao waliofuatana nao, na walikuwepo wengi, wamebeba vyungu na watoto, walikuwa ni sehemu ya mpango wa kuhakikisha mbebaji anakula. Tusiipambe pia ile njia, ilikuwa na watumwa waliofungwa minyororo ambao hakuna aliyewauliza kama wamekula. Tofauti ya mpagazi na mtumwa ilikuwa hapohapo: mmoja aliweza kudai posho yake.

Na kama mtu anataka ushahidi wa dawa kuachwa njiani, Tabora inao pia. Nje kidogo ya mji, Kwihara, ipo ile tembe ya Livingstone ambayo sasa ni makumbusho. Huyu mzee Januari 1867, huko ambako leo ni Zambia, wabebaji wawili walitoroka na mizigo na ndani yake lilikuwemo sanduku lake lote la dawa. Aliendelea mbele. Miaka zaidi ya minne akawa anaumwa na kupona na kuumwa tena, mpaka Stanley alipomkuta Ujiji mwishoni mwa 1871 akiwa amekonda. Wakaja wote mpaka Kwihara, akapata mahitaji, akasubiri wabebaji mpaka Agosti 1872, akaondoka tena, na Mei 1873 akafa. Dawa haikuwa sababu pekee, lakini mwili una kumbukumbu.

Turudi Isevya. Baba watoto aliomba ruhusa akaja. Kwa mara ya kwanza walikaa wawili na daftari, na huyo mama hakulia wala kulalamika, alisoma tu. Mafuta ya kula ya kupima 500 kila siku. Mkaa wa kopo. Sukari ya kupima. Halafu akafika kwenye bando, la kwake na la mzee pamoja, 1,000 kwa siku. Mzee akacheka, akasema hilo ni dogo. Mke akamwambia, "Baba watoto, buku kwa siku ni elfu thelathini kwa mwezi. Unajua elfu thelathini ni nini?"

Ni kadi ya CHF iliyoboreshwa, kama ilivyokuwa ikilipwa wakati huo, kwa kaya ya watu sita kwa mwaka mzima. Mwaka, sio mwezi. Na wao ni sita kamili, wazazi wawili na watoto wanne, kama vile waliopanga kiwango walikuja kuhesabu pale nyumbani. Kadi hiyo ilikuwa na mipaka yake, ulikuwa unaanzia zahanati unakwenda juu kwa rufaa, na siku nyingine dawa uliyoandikiwa ilikuwa haipo dirishani. Haikuwa inafanya miujiza. Lakini kati ya kadi yenye mipaka na bajaji ya saa saba mchana bila senti mfukoni, mzee mwenyewe alinyamaza. Bando likashushwa likawa la wiki, kadi ikakatwa. Mkaa ukaanza kununuliwa kwa gunia hela ya mzee inapoingia, na mafuta lita tano, kwa sababu maskini ndiye anayenunua kila kitu kwa bei ya juu, kijikokijiko.

Ila mabadiliko makubwa hayakuwa hayo. Juu kabisa ya daftari, kabla ya unga, mzee aliandika kwa mkono wake: DAWA YA MAMA 9,000. Hela ikiingia kwenye simu, hiyo inatoka kwanza. Mama alipinga. Aliona aibu, kweli kabisa, jina lake kuwa juu ya unga wa watoto. Walibishana karibu usiku mzima, na aliyekuwa anatetea afya ya mama sio mama. Akina mama wengi watakaosoma hapa wanaijua hiyo aibu.

Kwenye chakula hakuna parachichi la video. Daktari alimwambia apunguze chumvi, isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku, na hapo inahesabiwa yote, ya kwenye mchuzi, ya kwenye viungo vya pakiti, ya kwenye dagaa. Chumvi yenyewe kwa watu wa huku ina historia, ya Uvinza ilikuwa inabebwa kwenye njia hiihii kama mali. Zamani ilikuwa inatafutwa kwa kutembea siku nyingi, leo iko kwenye kila kitu mpaka inaua. Basi viungo vya pakiti viliondoka, dagaa wanalowekwa maji yanamwagwa, kwenye mboga inaingia karanga ya kusaga, nyanya na ndimu. Watoto walinuna wiki mbili. Mlenda, kisamvu, nsansa, viazi vitamu, michembe asubuhi badala ya andazi la mafuta, na maembe msimu ukifika yanaokotwa, maana Tabora embe halina mwenyewe. Sembe akaanza kuchanganya na dona. Hakuna kitu hapo kilichonunuliwa duka la vyakula vya afya. Na anakula sahani yake ikiwa imepakuliwa pamoja na za wengine, sio baada. Mtoto wa tatu, mkorofi huyo, ndiye aliyejipa kazi ya kukagua, anapita anachungulia sahani ya mama kama mgambo.

Jimu hakwenda. Mtu anayetembea Isevya mpaka sokoni na belo la nguo kichwani anahitaji usingizi kuliko jimu. Kwa hiyo mtoto wa kidato cha kwanza na mdogo wake wa kiume wakagawiwa vyombo na nguo zao wenyewe, wa kiume akalalamika kwamba rafiki zake watamcheka, akaambiwa wacheke. Kulala ikawa saa nne, wakati mwingine saa tano, bado sio saa nane za kwenye vitabu.

Deni la kausha damu lilimalizwa Julai badala ya Aprili, na faini juu. Televisheni ilibaki. Mtaji bado ni mdogo, na mwezi wa nane kulikuwa na wiki moja ambayo vidonge vilikaribia kukatwa tena kwa ajili ya mchango wa shule, mpaka wenzake wa kikoba wakamkopesha 10,000 bila riba. Wameanza kuweka 500 kila mmoja kila wiki pembeni, wameiita hela ya posho, ya mwanachama atakayekosa dawa. Kuna mmoja wao hataki kuchangia, anasema yeye haumwi. Hajapima.

Kipimo cha mwisho cha mama kilisoma 138 kwa 88. Akarudi nyumbani, akamwonyesha bibi kikaratasi. Bibi hasomi, akakishika juu chini, akauliza, "Umekula?"